Weupe wa Meno na Dawa ya Maumivu Yake

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo zuri, akampa ulimi wa kusemea na meno ya kutafunia. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Wa baad:

Katika neema ambazo mtu hajui thamani yake mpaka zimtoke, mojawapo ni meno. Kwa meno mtu hula chakula chake, na kwa meno husoma Kurani akazitoa herufi katika makhraji yake. Herufi ya fe haitoki ila mdomo wa chini ugusane na ncha za meno ya mbele ya juu. Na the na dhali hazitoki sawasawa ila ncha ya ulimi iyafikie meno hayo. Aliyeyapoteza hutaabika katika mkate wake na katika kisomo chake.

Na watu hudanganyika katika jambo la meno kwa njia mbili. Ya kwanza, hudhani kuwa jino jeupe ndilo jino zima. Ya pili, hudhani kuwa jino lililoacha kuuma limepona. Kusudi la somo hili ni kuyabainisha makosa haya mawili, na kuonyesha njia iliyo sawa.

FASLI YA KWANZA: Mfano wa mtu aliyekwenda Mabira

Mabira ni nchi ya vilima, migomba na mibuni, katika mkoa wa Kagera, magharibi ya Ziwa Nyanza. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Karagwe, na tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Kyerwa, inayopakana na Rwanda na Uganda. Nayo si ule msitu wa Mabira ulioko Uganda. Jina la Karagwe si geni kwa watu wa pwani, kwani katika karne ya kumi na tisa misafara ya Waarabu na Waswahili ilifika huko, na mahali paitwapo Kafuro palikuwa na makazi ya wafanya biashara. Msafiri Stanley aliwakuta hapo mwaka 1876.

Basi na upigwe mfano wa mtu wa pwani aliyekwenda Mabira kununua kahawa. Katika nchi ya Kagera ni ada kumkirimu mgeni kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, akazitafuna. Naye kwao alikuwa amezoea tambuu na kahawa chungu. Miezi ikapita, meno yake yakageuka rangi. Harusi ya binti yake ikakaribia, akaona haya kucheka mbele ya wakwe. Akatwaa mkaa akautwanga, akauchanganya na maji ya ndimu, akawa akisugua asubuhi na jioni. Siku za mwanzo meno yakang'aa, naye akafurahi. Baada ya muda yakawa ya manjano kuliko kwanza, na maji ya baridi yakawa yakimchoma kama sindano.

Na huko nyuma ya kinywa palikuwa na gego lenye tundu. Halikuonekana katika kioo, kwa hivyo hakulishughulikia. Likamwuma usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Usiku wa nne likanyamaza. Akasema limepona. Hazikupita wiki mbili ila shavu limevimba, taya limefunga, na homa imempanda, akachukuliwa hospitali usiku. Siku ya harusi alikuwa kitandani, ikambidi amwakilishe ndugu yake kumwozesha binti yake. Mtu aliyetaka meno meupe kwa ajili ya harusi hakuiona harusi yenyewe. Mfano huu umeyakusanya makosa yote mawili.

FASLI YA PILI: Jinsi jino lilivyoumbwa

Jino lina tabaka tatu. La juu ni ganda, nalo ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kigumu kuliko mfupa. Lakini ganda hili likilika halioti tena. Chini yake pana tabaka la pili, laini kuliko ganda, na rangi yake ni ya manjano. Na ndani kabisa pana kiini, chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Hapo ndipo penye maumivu.

Kwa haya hujulikana sababu ya mambo yaliyompata mtu yule. Ganda huonyesha kwa mbali rangi ya tabaka lililo chini yake. Kwa hiyo jino zima la mtu mzima aghalabu lina umanjano kidogo, wala hilo si uchafu wala ugonjwa. Ndimu ina ukali unaoyeyusha ganda, na mkaa hulikwangua. Ganda likipungua, umanjano wa chini hudhihiri, na baridi hupata njia ya kuufikia mshipa. Na hukumu ya mkaa ni hukumu ya mchanga, na jivu, na tofali lililosagwa.

FASLI YA TATU: Rangi za meno na namna ya kuyasafisha

Rangi zinazobadilisha meno ni za aina tatu, na kila aina ina hukumu yake.

Ya kwanza ni rangi ya nje, itokayo na kahawa, chai, tambuu na tumbaku. Hii hukaa juu ya ganda. Dawa yake ni kupunguza kile kiletacho, na kusukutua maji kila baada ya kahawa. Ama tumbaku, ikiwa ya kuvuta au ya kutafuna pamoja na tambuu, madhara yake hayaishi katika rangi, kwani ni sababu mashuhuri ya saratani ya kinywa. Na popoo peke yake, bila ya tumbaku, vile vile ni sababu ya maradhi hayo. Kidonda cha kinywa kisichopona kwa wiki tatu lazima kionyeshwe kwa tabibu.

Ya pili ni ukoga. Huu ni utando laini unaojijenga kila siku juu ya meno, na ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ukiachwa huwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauuondoi tena, ila tabibu kwa chombo chake. Ukoga ndio asili ya fizi kutoka damu, na ndio asili ya meno kutoboka.

Ya tatu ni rangi ya ndani, nayo haiondoki kwa kusugua hata kidogo. Katika nchi za Arusha na Kilimanjaro, maji ya visima na chemchemi nyingi yana madini ya floraidi kuliko kiasi. Mtoto ayanywaye wakati meno yake yanaumbika hutokewa na mabaka ya rangi ya udongo, yakadumu naye maisha yake yote. Kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, na huko Ngurdoto, karibu na Arusha, kuna kituo cha kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mwenye mabaka haya si mchafu, wala haijuzu kumcheka. Na jino moja likigeuka kijivu peke yake kati ya wenzake, aghalabu kiini chake kimekufa, nalo lahitaji tabibu.

Ziko dawa zinazong'arisha meno kwa peroksaidi, nazo hufanya kazi, lakini si mchezo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa hizo zikizidi nguvu ya sehemu 0.1 katika mia hazitolewi ila kwa mkono wa tabibu wa meno, wala hapewi aliye chini ya miaka 18. Mwenye tundu na aanze kuzibwa tundu lake kabla ya kufikiri weupe. Ama kuyachonga meno na kuyatenganisha kwa ajili ya uzuri tu, hilo limekatazwa katika hadithi sahihi. Kutibu ugonjwa na kuondoa uchafu hakumo katika katazo hilo.

FASLI YA NNE: Mswaki

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mswaki ni usafi wa kinywa na radhi ya Mola, na kwamba lau si kuchelea kuutaabisha umma wake angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Mti wenyewe wa mswaki una nyuzi zinazoondoa ukoga. Na anayetumia brashi yenye nywele laini pamoja na dawa ya meno yenye floraidi hakuiacha sunna, kwani makusudio ni kukitakasa kinywa. Na floraidi kwa kiasi chake huligumisha ganda. Kitu kile kile kinachodhuru kikizidi hunufaisha kikipimwa.

Namna yake ni kupiga mswaki taratibu, si kwa nguvu, kuanzia penye ufizi, nje na ndani, na katika magego yote hata ya mwisho kabisa, kwa muda wa dakika mbili, mara mbili kwa siku. Wa kulala usiku ndio usioachwa kabisa, kwa kuwa mate hupungua mtu alalapo. Atumiaye dawa ya meno na aiteme, wala asisukutue maji mengi baada yake. Na katika mwezi wa Ramadhani, kwa kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafii, mswaki ni makuruhu kwa aliyefunga baada ya jua kupinduka; basi na asisahau kuupiga baada ya futari, na baada ya daku kabla ya alfajiri.

FASLI YA TANO: Maumivu ya jino

Mtu alapo vitu vya sukari, vijidudu vya ukoga huvigeuza kuwa ukali, na ukali huo hulila ganda. Kila halua, kila kikombe cha chai ya sukari, ni mwanzo mpya wa kuliwa huko. Kwa hiyo anayekunywa kidogo kidogo mchana kutwa hudhurika kuliko anayekunywa mara moja pamoja na chakula chake. Tundu hufanyika bila ya maumivu. Likifika tabaka la pili, tamu na baridi huuma kisha hupoa. Likifika kiini, huuma lenyewe, khasa usiku.

Kisha kiini hufa, na maumivu hukoma. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mshipa uliokufa hauwezi kulia, lakini usaha unaendelea kujikusanya chini ya mzizi. Ukipata njia huenda katika shavu, na taya, na shingo, na ukibana koo huweza kuua. Jino lililonyamaza bila ya kutibiwa ni la kuogopwa kuliko lile linalouma.

Haya ndiyo yafaayo usiku wa maumivu, mpaka tabibu apatikane: kusukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai katika kikombe, kutia tundu pamba yenye mafuta ya karafuu kidogo, kwani ndani ya karafuu mna dawa ya ganzi ambayo matabibu pia huitumia, na kumeza vidonge vya parasetamoli, kwa mtu mzima kimoja au viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa mchana na usiku. Na haya hayafai kabisa: kuweka aspirini juu ya ufizi, kwa kuwa huuchoma, kutia maji ya betri, mafuta ya petroli au ugoro, wala kung'oa kwa koleo la fundi.

Akiona shavu au shingo imevimba, au homa, au kinywa hakifunguki, au kumeza na kuvuta pumzi ni taabu, na aende hospitali saa ile ile, ijapokuwa ni usiku, ijapokuwa amefunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua.

FASLI YA SITA: Tiba kwa mkono wa tabibu

Wengi huchelewa kwa kudhani kuwa tabibu hana kazi ila kung'oa, au kuwa kuziba jino kwataka mitambo ya mjini. Hayo siyo. Iko njia ya kuondoa uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu kwa dawa inayoshikana na jino, bila ya umeme. Njia hii ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya tabibu Mholanzi Jo Frencken. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa walimwengu, na mwaka 2021 likaitia dawa hiyo ya kuzibia katika orodha yake ya dawa za lazima. Kwa njia hii jino la mtu wa Mabira huweza kuokoka sawa na la mtu wa Mombasa, maadamu amekwenda mapema, tundu lingali dogo.

KHATIMA

Basi mtu yule wa mfano hakupungukiwa na mali wala akili. Alikitazama kioo, akayashughulikia meno aliyoyaona, akaliacha lile asiloliona. Na lilipomwita usiku tatu akalitakia dawa ya kulinyamazisha, si ya kuliponya. Mwenye hekima hutafuta usafi kabla ya weupe, na uzima kabla ya utulivu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu afya ya miili yao na usafi wa vinywa vyao, na azifanye ndimi zao ziwe katika utajo wake. Amin.