SOMO LA AFYA: Simu Yaweza Kukufunza Kula Vyema, Lakini Presha Hupimwa kwa Mashine

Huenda simu yako imejaa mafunzo ya afya: video za mazoezi, mapishi, na jumbe zinazosambazwa katika vikundi vya WhatsApp vya chama, kanisa na ukoo. Mengine yanafaa. Mengine ni hatari, hasa yale yanayomwambia mgonjwa wa presha au kisukari aache dawa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuitumia simu kama mwalimu wa lishe na mazoezi bila kupotoshwa.

Kwa nini tujali?

Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mtu huendelea na kazi zake hadi siku anapopatwa na kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Hatua ya 1: Pimwa kwanza

Hakuna video inayoweza kukuambia presha yako. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini wamepewa vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya kupima presha, kipima sukari na simu ya kuweka rekodi. Muulize mhamasishaji wa kijiji au mtaa wako, au nenda zahanati iliyo karibu. Ukisoma 140/90 au zaidi, rudi upimwe tena na umwone mhudumu wa afya.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja dogo

Wengi hushindwa kwa sababu huanza mambo kumi Jumatatu na kuyaacha Alhamisi. Chagua moja kati ya haya:

• Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai. Hesabu pia chumvi iliyo kwenye samaki waliokaushwa na viungo vya pakiti. Usiongeze chumvi mezani.

• Sahani. Jaza nusu kwa mboga: osuga, apoth, dek, kunde au sukuma wiki. Robo iwe ugali, na robo nyingine omena, ngege au maharagwe. Mboga hizi zinapatikana Kibuye, Ahero na masoko mengine yetu.

• Mwendo. Lengo ni angalau dakika 150 kwa wiki, sawa na dakika 30 kwa siku tano. Shuka boda boda au matatu kituo kimoja kabla ya kufika, kisha tembea kwa haraka. Kulima na kuvuta nyavu pia ni mazoezi. Anayeketi dukani mchana kutwa ndiye anayehitaji kupanga zaidi.

Hatua ya 3: Tafuta mtu wa kukuuliza

Hapa ndipo simu inasaidia kweli. Undeni kikundi cha watu watano hadi kumi, na kila jioni kila mmoja aandike neno moja: “nimetembea” au “bado”. Asiyeandika siku mbili apigiwe simu, asisemwe vibaya. Mwenye kabambe atumie SMS. Si lazima kuwa na bando. Mwombeni mhamasishaji wenu ajiunge ili ajibu maswali.

Hatua ya 4: Chuja kila ujumbe

Kabla ya kufuata au kusambaza ushauri, jiulize: Nani ameusema, na ana mafunzo gani? Je, anauza kitu? Je, anaahidi kuponya kisukari au presha kwa siku chache? Ukiona ahadi ya namna hiyo, acha hapo. Usiache wala kupunguza dawa bila kuzungumza na daktari au mhudumu wako, hata kama unajisikia vizuri. Huenda ni dawa hiyo ndiyo inayokufanya ujisikie vizuri.

Hatua ya 5: Linda siri

Vipimo vya afya ni mali ya aliyepimwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usiweke vipimo vya mwenzako kikundini bila idhini yake.

Tahadhari: Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, au anayetumia dawa za sukari apate ushauri wa mhudumu kabla ya kubadilisha sana chakula au mazoezi. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, usiulize kikundi. Mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja.

Zoezi la wiki hii: Pimwa presha, andika kipimo kwenye daftari, na uchague jambo lako moja. Baada ya wiki nne, pimwa tena na ulinganishe.