Ardhi ya Serikali Iliyochafuka: Semeni Kabla Ramani Haijachorwa

Kiwanja cha serikali kikikaa kitupu, kila mtu hukipangia kazi. Huyu anataka soko, yule shule, mama mwenye jembe anataka bustani ya dodo, mboga ambayo Wakongo huiita lengalenga. Lakini mahali palipokuwa jalala, karakana au ghala la dawa za wadudu huweza kubaki na sumu chini ya nyasi. Kijitabu hiki ni cha wakazi wa Nyamitanga na Mbarara yote, pamoja na wakimbizi wa Nakivale, wanaolima ardhi ya serikali inayosimamiwa na OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kwa mfano, kule Kilembe, Kasese, shaba ilichimbwa kuanzia 1956 hadi 1982. Mgodi ukafungwa, mabaki ya mawe yaliyosagwa yakaachwa kwenye bonde la mto Nyamwamba, na watu wakaendelea kulima jirani. Mafuriko ya 2013 na 2020 yaliyamega mabaki hayo na kuyashusha chini.

Pamesafishwa kwa ajili ya nini?

Mkiambiwa pamesafishwa, ulizeni swali hilo. Udongo unaofaa chini ya maegesho ya malori huenda usifae chini ya shule ya chekechea, maana mtoto hukaa chini, huchimba, kisha hutia vidole mdomoni. Kwa bustani, mboga za majani kama dodo kwa kawaida hubeba madini mazito mengi kuliko nyanya au mahindi. Ukiosha unatoa vumbi tu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki. Risasi, moja ya madini hayo, haina harufu, kwa hiyo dai majibu ya maabara, na uliza udongo ulichukuliwa wapi na kwa kina gani.

Nani aseme?

Kwanza wazee walioona malori yakimwaga. Mara nyingi wanajua shimo ambalo halimo kwenye faili lolote. Mjini anzieni kwa mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la mtaa. Nakivale, pitieni viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa. Mkutano ukiendeshwa kwa Kiingereza au Kinyankole, ombeni mkalimani wa Kiswahili kabla haujaanza, kwani anayeitikia kwa kichwa bila kuelewa huhesabiwa kuwa amekubali. Hakikisheni pingamizi lenu limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Sheria ya Mazingira ya 2019 inampa kila mtu aliye Uganda haki ya mazingira safi, mkimbizi naye yumo. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 ni finyu zaidi: inamtaja raia, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Mkimbizi anayehitaji ripoti ya udongo aandike pamoja na jirani yake raia. Barua iwe na tarehe, nakala iende kwa afisa mazingira wa wilaya au jiji, na nakala moja iliyogongwa muhuri wa mapokezi ibaki mikononi mwenu.