SOMO LA JUMUIYA: NJIA YA MWENYE BAISKELI



Katika somo hili tunaangalia jambo tunalolipita kila siku bila kulifikiria: njia ya mtu wa baiskeli hapa Bondeni na mjini Nakuru kwa jumla. Tutafuata mtindo tuliouzoea katika Kampeni ya Kwaresima: Tuone, Tuamue, Tutende. Mtindo huu ulitoka kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanya kazi na vijana wa viwandani, na Papa Yohane XXIII aliupendekeza kwa Kanisa mwaka 1961.

LENGO: Mwisho wa somo, kila jumuiya iweze kuchagua njia moja, kuichunguza, na kupeleka ombi mahali panapohusika.

1. TUONE

Ni nani anayeendesha baiskeli? Ni fundi wa mjengo anayetoka nyumbani alfajiri. Ni mchuuzi wa maziwa anayeteremka kutoka upande wa Bahati na mitungi kwenye keria. Ni mlinzi anayerudi kutoka zamu ya usiku Lanet. Kwa hawa, nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ni unga wa jioni. Jina boda boda lenyewe lilianza na baiskeli zilizobeba watu mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijaichukua kazi hiyo.

Sasa tuangalie njia yenyewe. Mji wetu umelala kwenye mteremko kati ya Menengai na Ziwa Nakuru. Mvua ikinyesha, maji hutelemkia upande wa chini, na jina Bondeni linajieleza. Maji yanakula ukingo wa lami. Mtaro unabaki wazi bila kifuniko, tena pale pale matatu inapomsukumia mwenye baiskeli. Kiangazi ni vumbi tupu. Mahali pa kupita kwa miguu pamewekwa meza za biashara. Hatusemi wachuuzi wafukuzwe. Nao wanatafuta riziki. Lakini mwenye baiskeli apite wapi?

2. TUAMUE

Wengi husema shida ni pesa. Ni kweli, lakini si yote. Shida kubwa ni kwamba mwenye baiskeli hahesabiwi. Magari yanahesabiwa barabara inapopangwa, lakini yule anayepita ukingoni saa kumi na mbili asubuhi hakuna anayemwandika. Na asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

Wengine husema, baiskeli ni ya maskini, na Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Jamani, jiji ni watu. Hata Nairobi mwaka 2015 ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya pesa za barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Sera kuandikwa ni jambo moja na kutekelezwa ni jingine, lakini angalau ipo, na wananchi wanaweza kuidai.

Kuna pia jambo la uhai. Sheria yetu inaruhusu gari kwenda kilomita 50 kwa saa mjini. Shirika la Afya Duniani linashauri 30 pale ambapo watu na magari wanachangamana, kwa sababu anayegongwa kwa mwendo huo ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Tuta moja mbele ya shule linaweza kuokoa mtoto.

Papa Fransisko aligusia usafiri wa mijini katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Someni pia Isaya 40:3-5, juu ya kutengeneza njia na habari ya mabonde. Sisi watu wa Bondeni yatugusa kwa jina.

3. TUTENDE

a) Chagueni njia moja tu, kwa mfano kutoka nyumbani hadi sokoni au kazini. Mkitaka zote mtachoka bure.

b) Hesabuni. Watu wawili wakae mahali pamoja kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku tatu. Kila baiskeli ni alama moja. Andikeni pia wanaotembea na mikokoteni.

c) Tembeeni njia hiyo na utepe wa kupimia. Andikeni kila shimo, mtaro wazi na mahali pasipo na taa. Mwenye baiskeli anahitaji nafasi ya kama mita moja na nusu.

d) Jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret iko chini ya KeNHA. Baadhi ya barabara za mjini ni za KURA. Nyingine ni za kaunti. Ombi likienda ofisi isiyohusika linalala huko.

e) Pelekeni mapema. Mwaka wa bajeti unaanza tarehe 1 Julai, lakini mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni Februari, na makadirio mwisho wa Aprili. Ukienda Mei umechelewa. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inatupa haki ya kupeleka ombi. Mpeni MCA nakala, nanyi mbaki na nakala yenye muhuri.

f) Ombeni vitu vidogo vinavyoungana: vifuniko vya mtaro, ukingo kujazwa, tuta, kivuko. Njia nzuri ya mita mia inayoishia shimoni haisaidii mtu.

Na sisi waendeshaji tutimize wajibu wetu: breki nzima, kengele, taa usiku, na kukaa upande wa kushoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani hutumia baiskeli kutafuta riziki? Yupo kwenye mkutano huu?

2. Ni mahali gani tunapoogopa kumpitisha mtoto? Kwa nini?

3. Nani atahesabu, nani ataandika, nani atapeleka ombi? Andikeni majina na tarehe kabla ya sala ya kufunga.