Sauti na Asili Yake: Kanda za Kiyidi za Columbia na Uhifadhi katika Intaneti

1.0 Utangulizi

Uhifadhi wa kanda za kale huchukuliwa na wengi kuwa kazi ya mafundi mitambo. Sauti ikishahamishiwa katika mfumo wa dijitali na kuwekwa katika intaneti, hudhaniwa kuwa imeokolewa. Makala haya yanadai kuwa sauti iliyotenganishwa na maelezo ya asili yake hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kiisimu. Mfano unaotumika ni kanda za Atlasi ya Lugha na Utamaduni wa Wayahudi wa Ashkenazi, zinazohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

2.0 Usuli

Mradi huo uliasisiwa na Uriel Weinreich, mwanaisimu anayefahamika sana kwa kitabu chake cha 1953 kuhusu mgusano wa lugha. Kati ya 1959 na 1972 wasemaji wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Kati na Mashariki, walihojiwa kwa hojaji ndefu, na saa 5,755 za kanda zikapatikana. Weinreich alifariki 1967, na kazi ikaendelezwa na Marvin Herzog. Wahojiwa wengi waliishi Marekani na Israeli, mbali na miji walikozaliwa, kwa kuwa jamii walizotoka zilikuwa zimeangamizwa na Wanazi katika Vita Kuu ya Pili. Mtafiti wa lahaja hizo, kwa hiyo, hana uwanda wa kurudia ili kuhakiki data yake.

3.0 Uchambuzi

Chakula kimoja cha viazi au tambi huitwa *kugl* katika lahaja ya kaskazini-mashariki, yaani eneo la Lithuania, na *kigl* katika lahaja ya Poland. Tofauti ya irabu hizo husikika wazi katika kanda. Hata hivyo, msikilizaji asiyejua mji wa msemaji hawezi kuiweka tofauti hiyo katika ramani. Atabaki na irabu mbili zisizo na mahali. Herzog alionyesha pia kuwa mpaka wa samaki wa kutiwa sukari na wa kutiwa pilipili unakaribiana na mpaka wa lahaja. Ugunduzi wa namna hiyo unategemea kila jibu kufungamanishwa na mji wake.

Kwa upande mwingine, maandishi ya wahoji hayatoshelezi peke yake. Alama ya kifonetiki ni uamuzi wa sikio la mtu mmoja, na kanda ndiyo inayowezesha uamuzi huo kupimwa upya.

4.0 Hitimisho

Columbia imeweka katika intaneti sauti pamoja na kurasa za majibu zilizoandikwa na wahoji. Utaratibu huo unafaa kuigwa. Pale ambapo wasemaji hawapo tena, karatasi inayotaja mji wa msemaji inastahili kutunzwa kwa uangalifu uleule unaopewa utepe wenyewe.