Somo la Fizike: Nje Baridi, Ndani Moto



Tunaendelea na somo letu juu ya namna moto unavyotembea ndani ya vitu. Mwanafunzi mmoja wa daraja la tano alileta swali. Amesoma ya kwamba kule Marekani wawindaji na watu wa mashindano ya kulenga shabaha wananunua bunduki ambazo mtutu wake umevikwa nyuzi za karboni, na ya kwamba mtutu wa namna hii haupati moto hata ukipiga risasi nyingi. Aliuliza: ni kweli? Wengine watasema, kwa nini gazeti la shule ya Kikristo linasema juu ya bunduki? Bunduki tumeziona za kutosha katika inchi yetu, hatuzitafuti. Lakini swali ni la fizike, na kosa lililo ndani yake tunalifanya hata jikoni.

Kwanza, moto unatoka wapi? Risasi moja ya milimita 7,62 ya kuwindia nyama wakubwa ina karibu gramu 3 za baruti. Baruti hiyo ikiungua inatoa yapata kilojule 11. Theluthi moja inaisukuma risasi. Theluthi nyingine inatoka mdomoni pamoja na moshi. Inayobaki, tuseme kilojule 3, inaingia ndani ya mtutu. Wengi wanafikiri ni msuguano wa risasi ndio unaleta moto wote. Hapana, msuguano ni kidogo tu. Ni ile hewa ya baruti, inayopita digri 2000, inayolamba chuma kwa nukta ndogo sana, chini ya kupepesa jicho.

Sasa tuhesabu. Tuchukue mtutu wa chuma kitupu wa kilo 1,5. Kilo moja ya chuma inataka karibu jule 460 ili ipande digri moja, basi mtutu wote unataka 690. Gawanya 3000 kwa 690: ni digri 4 na kidogo kwa kila risasi. Ukipiga 20 mbio mbio, kama upepo haukuchukua kitu, umepanda digri 87. Ongeza digri 25 za asubuhi: uko 112. Tone la maji likianguka juu yake linachemka.

Tuje kwa karboni. Wafundi wanachonga chuma mpaka kibaki bomba jembamba. Kisha wanalizungushia nyuzi zilizolowa rezini, ndiyo gundi ya plastiki, na wanaipika mpaka iwe ngumu. Nyuzi zenyewe ni ndugu ya makala yetu! Mchoma makala anafunika miti kwa udongo ili hewa isiingie, na karboni inabaki. Kule kwenye viwanda wanachukua uzi wa plastiki fulani na kuupasha kupita digri 1000 mahali pasipo oksijeni. Bwana Roger Bacon alizipata nyuzi zenye nguvu sana mwaka wa 1958 katika maabara moja karibu na Cleveland, na kisha Wajapani na Waingereza waliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1960.

Faida ya kweli ni uzito. Sentimetre moja ya mchemraba ya chuma ina gramu 7,8. Ya karboni pamoja na rezini ina karibu 1,6 tu. Kwa hiyo mtutu unaweza kuwa mnene na mgumu, usiotetemeka ovyo, na mtu akapanda nao mlima bila kuvunjika bega. Hapo sina ubishi.

Lakini moto? Vitabu vinapima upitishaji wa moto kwa wati kwa metre kwa digri. Shaba nyekundu inapata karibu 400. Chuma cha mitutu kiko kati ya 20 na 45. Rezini: 0,2! Uzi wa karboni wenyewe unapitisha moto vizuri kwa kufuata urefu wake, na iko aina moja, inayotoka katika lami, inayoshinda hata shaba. Lakini angalieni vile wameuzungusha. Uzi unazunguka bomba, na moto unataka kutoka ndani kwenda nje. Inabidi ukatize uzi, rezini, uzi, rezini, na kwa njia ile hesabu inashuka karibu na 1, mara nyingi chini yake.

Mama akishika sufuria kwa mpini wa mti haungui mkono. Je, mchuzi umepoa? Vivyo hivyo kwa mtutu huu. Mpigaji anagusa nje, anaona ni vuguvugu, anasema umepoa. Moto uko ndani bado, unatafuta mlango.

Tuseme bomba la ndani lina gramu 700, na ya kwamba kwa muda mfupi ule karboni haijachukua kitu. 700 gramu zinataka jule 322 kwa digri moja. Kila risasi inapandisha digri 9, si 4 tena. Risasi 20: digri 186, na zile 25 za hewa, 211. Kwa kweli karboni inachukua sehemu yake, kwa hiyo hesabu ya haki iko katikati. Lakini rezini nyingi zinaanza kulegea kati ya digri 120 na 180. Ziko za bei kali zinazovumilia zaidi. Tena chuma kikipata moto kinarefuka, na uzi wa karboni karibu haurefuki kabisa. Kama mfundi hakuunganisha vizuri, vinavutana, na risasi inaanza kwenda pembeni.

Wenye kuuza hawasemi uongo wote. Wafundi wengine wanachanganya katika rezini vitu vinavyopitisha moto, na inasaidia. Tena ngozi ya nje ikikaa baridi, hewa juu ya mtutu haichezi mbele ya darubini kama inavyocheza juu ya barabara ya lami saa sita. Kwa mwindaji wa risasi mbili tatu, yote haya si taabu.

Taabu ni kwa yule anayepiga bila kupumzika na kuamini mkono wake. Risasi ikiachwa ndani ya chumba cha mtutu uliopata moto sana, baruti inaweza kuwaka yenyewe, pasipo mtu kugusa kifyatulio. Watu wamekufa hivyo kwa bunduki za mtombo. Ndiyo sababu nyingi za namna ile zinaacha chumba wazi wakati hazipigi, na mtutu wake unabadilishwa upesi. Heri kuhesabu risasi na saa kuliko kupapasa.

Zoezi. Bunduki ya mtombo ya Vickers, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka wa 1912, ilikuwa na mfuko wa maji wa litre 4 kuzunguka mtutu. Maji yakianza kwa digri 25, na kila risasi ikileta kilojule 3, yatachemka baada ya risasi ngapi? Na litre moja ikigeuka mvuke, inabeba moto wa risasi ngapi? Kumbukeni: jule 4180 kwa kilo kwa digri, na kilojule 2260 kwa kilo ya mvuke. Leteni majibu siku ya tano, kila mtu karatasi yake.