Somo kwa Wananchi: Kubadilisha Taa za Reli kwa Usalama

Anayevuka bahari kwenda Dar es Salaam kununua vifaa vya umeme hukuta bidhaa za kila aina katika maduka ya Mnazi Mmoja na Kariakoo. Miongoni mwake ni taa za reli, yaani taa kadhaa zinazopachikwa kwenye mkondo mmoja wa chuma au alumini uliofungwa darini. Kununua ni jambo jepesi. Somo hili linahusu kazi inayofuata: kuondoa reli ya zamani na kufunga mpya bila ya kuhatarisha maisha ya wakaazi.

Kwanza ifahamike kwamba swichi ya ukutani si kinga. Swichi hiyo hukata waya mmoja tu. Ikiwa fundi wa zamani aliifunga kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, taa itazimika lakini umeme wa volti 230 utabaki darini ukimngoja mtu. Kwa hiyo swichi kuu izimwe, na watu wote wa nyumbani waarifiwe wasiiwashe. Kisha kipimo kijaribiwe mahali penye umeme unaojulikana, zipimwe waya za darini, halafu kipimo kijaribiwe tena mahali pale pale. Testa ya bisibisi peke yake isitegemewe, kwani huweza kudanganya.

Pili, rangi za waya zisiaminiwe bila ya kupimwa. Katika utaratibu wa zamani uliotoka Uingereza, waya wa moto ulikuwa mwekundu, wa nyutro mweusi na wa ardhi wa kijani. Katika utaratibu mpya, ambao Uingereza iliuanza mwaka 2004, waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni buluu, na ardhi ni kijani chenye mstari wa manjano. Nyumba iliyoongezwa vyumba kwa nyakati mbalimbali huweza kuwa na rangi zote hizo. Aidha, waya mweusi unaotoka kwenye swichi kurudi kwenye taa mara nyingi ndio unaobeba moto.

Tatu, reli ya chuma sharti iunganishwe na waya wa ardhi, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba haihitaji. Ikikutwa dari yenye waya mbili tu, kazi isimamishwe hadi waya wa ardhi upitishwe. Viungo viwekwe ndani ya kisanduku chake na kukazwa kwa skrubu. Kusokota waya na kuzifunga kwa utepe hakutoshi.

Nne, taa zilingane na reli. Baadhi ya reli za zamani hutumia volti 12 kupitia transfoma, na balbu ya aina moja haifai kwenye nyingine. Balbu sita za halojeni za wati 50 hutumia wati 300 na huwa za moto mno. Sita za LED za wati 7 hutumia wati 42 tu. Hata hivyo, transfoma ya zamani huenda isifanye kazi sawasawa na mzigo mdogo wa LED, na huhitaji kubadilishwa.

Kwa upande wa Tanzania Bara, kazi ya kufunga umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza. Kwa Zanzibar, ushauri uombwe katika ofisi ya Shirika la Umeme, ZECO. Mnunuzi adai risiti na aangalie alama ya ubora.

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, wafanyabiashara wengi walipoteza mali zao. Moto hauulizi ulikoanzia ni kwa nani. Katika nyumba ya ghorofa, kosa la mpangaji mmoja huwafikia walio juu yake. Ukitokea moto wa umeme, swichi kuu izimwe ikiwa inafikika kwa usalama, maji yasimwagwe, watu watoke, na Zimamoto waitwe kwa namba 114.

Tahadhari kabla ya hatari.