Miguu Haitoi Jibu Peke Yake: Kupima Maji Yaliyozidi kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Figo

Figo zinapopoteza uwezo wake polepole, kwa miezi au miaka, kazi ya kutoa chumvi na maji hupungua pamoja na kazi zake nyingine. Maji yanayobaki hayakai mahali pamoja. Baadhi hukaa ndani ya mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Sehemu kubwa hupenya na kutulia katika nafasi zilizo baina ya seli, mwanzoni bila kuonekana, kisha miguuni, na hatimaye mapafuni. Swali linalomkabili mhudumu wa afya ni la vitendo: mgonjwa huyu amebeba maji kiasi gani yasiyostahili, na je, anaweza kurudi nyumbani leo? Katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kama vile Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, swali hilo ni zito zaidi. Huduma ya kusafisha damu kwa mashine iko mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja, na safari ya zaidi ya kilomita 30 usiku si jambo jepesi kwa mtu anayehema.

Msitu wenyewe unatoa mfano unaofaa. Sehemu ya Jozani ni msitu wa maji ya ardhini, ambamo maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Masika yanapoingia, udongo hunywa maji kwa muda kabla dimbwi halijaonekana. Anayeliona dimbwi anaona kilichobaki baada ya ardhi kushiba. Mwili wa mtu mzima hufanya vivyo hivyo. Uvimbe unaobonyea kwa kidole kwa kawaida huonekana baada ya lita 2 au 3 kulimbikizwa, na pengine zaidi. Kusubiri mgonjwa avimbe ndipo atambuliwe kuwa amejaa maji ni kuanza kazi ikiwa imechelewa.

Kifaa chenye msaada mkubwa kuliko vyote ni mizani ya kawaida. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na hakuna chakula kinachoweza kumnenepesha mtu kilo 2 kwa siku mbili. Ongezeko la ghafla la namna hiyo ni maji. Ili kipimo kiaminike, mgonjwa apimwe kwa mizani ileile, asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na namba iandikwe palepale. Mgonjwa anayesafishwa damu huwekewa uzito mkavu, yaani uzito wa chini anaoweza kuuvumilia bila kizunguzungu, kukakamaa kwa misuli au kushuka kwa shinikizo. Anayetumia dawa bila mashine naye anahitaji uzito wa rejea, ingawa wengi hawajawahi kuandikiwa.

Mizani, hata hivyo, ina mtego wake. Mgonjwa wa figo hupoteza hamu ya kula, na misuli yake hukonda. Nyama inapoondoka, maji huingia kuchukua nafasi yake, na namba kwenye mizani haisogei. Wawili hawa, waliobuniwa kwa ajili ya somo, wanaonesha jambo hilo.

Wa kwanza ni mkulima wa miaka 52 mwenye kisukari na ugonjwa wa figo wa hatua ya nne. Miguu yote miwili imevimba hadi nusu ya muundi. Uzito wake ni kilo 61, sawasawa na miezi mitatu iliyopita, hivyo kadi yake inaonekana salama. Lakini mikono imekonda, mifupa ya mabega imejitokeza, shinikizo la damu ni 178/102, na mshipa wa shingo umejaa. Mtu huyu amepoteza kilo kadhaa za nyama na kuzibadilisha kwa maji. Wa pili ni mwanamke wa miaka 60, mwenye ugonjwa wa figo wa kiwango hichohicho na miguu iliyovimba vilevile. Analala chali bila shida, shinikizo lake ni 128/76, mshipa wa shingo hauonekani kupanda, mapafu ni safi, na mwezi uliopita aliongezewa dozi ya amlodipini. Dawa hiyo huvimbisha vifundo vya miguu bila kuongeza maji ya mwili mzima. Akiongezewa dawa ya kukojosha kwa sababu ya miguu tu, atakaushwa, na figo zake chache zilizobaki zitaumia bila faida.

Miguu ya Unguja ina sababu nyingine pia. Matende yalikuwa tatizo kubwa visiwani kabla ya Zanzibar kuanza, mwaka 2001, kugawa ivamektini na albendazoli kwa jamii nzima, na wapo wazee ambao miguu yao ilibadilika zamani na haitarudi. Uvimbe wa matende mara nyingi huzidi upande mmoja, ngozi huwa ngumu, na kidole hakiachi shimo kwa urahisi. Kushuka kwa albumini kutokana na protini kupotea katika mkojo, ugonjwa wa ini na udhaifu wa moyo huleta uvimbe unaofanana zaidi na ule wa figo, na mara nyingine yote hukutana kwa mtu mmoja. Kwa mgonjwa asiyeinuka kitandani, miguu inaweza kuwa mikavu kabisa huku maji yamekusanyika sehemu ya chini ya mgongo. Asiyemgeuza mgonjwa hatayaona.

Mahojiano mazuri hutangulia vidole. Vitabu hufundisha kuuliza idadi ya mito anayolalia mgonjwa, lakini swali hilo halifai sana kwa anayelala kwenye godoro moja na mto mmoja maisha yake yote. Ni afadhali kuuliza, "Babu, siku hizi unaweza kulala chali mpaka asubuhi, au unaamka kukaa kitako?" Swali la kubanwa na viatu nalo halina maana kwa mvaaji wa kandambili, ukanda wa makubadhi ulioacha alama ni ushahidi bora. Kwa Muislamu anayeswali, sijda ni kipimo cha bure. Kukosa pumzi wakati wa kuinama kumeelezwa katika tiba ya moyo kuwa dalili ya shinikizo lililopanda ndani ya moyo, na mgonjwa anayesema ameanza kuswali akiwa amekaa kwenye kiti ameshasema mengi. Vilevile, anayetawadha mara tano kwa siku hugusa vifundo vyake mara tano. Afundishwe kubonyeza kwa kidole gumba na kuangalia kama shimo linabaki.

Katika kupima, mshipa wa shingo una thamani kubwa na hupuuzwa mno. Mgonjwa aegemezwe kwa nyuzi 45, kichwa kigeuzwe kidogo kushoto, na mhudumu aangalie upande wa kulia jinsi mpigo wa veini ulivyopanda. Ukizidi sentimita 3 wima kutoka kwenye pembe ya mfupa wa kifua, shinikizo la upande wa kulia wa moyo limepanda. Kwa wanawake, faragha na kupimwa na mwanamke mwenzao vizingatiwe, kwani shingo isiyofunuliwa haiwezi kusomwa. Shinikizo la damu lipimwe akiwa amekaa, kisha akisimama: likishuka sana na kizunguzungu kikatokea, huenda maji yamepungua na si kuzidi, hasa baada ya kuharisha.

Stethoskopu inasaidia, lakini isiaminiwe kupita kiasi. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016 kwa wagonjwa wanaosafishwa damu ulilinganisha sauti za mapafu na uvimbe wa miguu dhidi ya picha za ultrasaundi ya mapafu, na ukaonesha kuwa dalili hizo za mkononi hukosa sehemu kubwa ya maji yaliyomo mapafuni. Mapafu yanayosikika safi hayamwondolei mgonjwa tuhuma ikiwa uzito, shinikizo na maelezo yake vinasema vingine. Penye ultrasaundi na mtu aliyefundishwa, dakika chache zinatosha kuona mistari wima inayoashiria maji. Pasipo nayo, njia iliyobaki ni kuziweka dalili pamoja na kuzilinganisha na za ziara iliyopita.

Chumvi ndiyo inayoyashika maji. Takriban gramu 9 za chumvi hushika lita 1, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kumkataza mgonjwa maji huku anakula papa mkavu au ng'onda ni kumpa adhabu ya kiu isiyo na tija. Katika hesabu ya vinywaji ziingizwe pia supu, uji, urojo, barafu na tikiti. Madafu yana tatizo la ziada, kwani yana potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ramadhani inahitaji mazungumzo mapema, kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu vinywaji vya siku nzima huingia kwa saa chache na dawa ya kukojosha hubadilishiwa wakati wake bila mtu kuulizwa.

Kosa la hatari zaidi ni dripu. Mgonjwa wa figo anayefika akiwa dhaifu na anahema huonekana kama mtu aliyeishiwa nguvu, na jamaa zake wenyewe huomba atundikiwe maji. Lita 1 ya maji ya chumvi ya hospitali ina zile gramu 9 kamili. Kama shingo imejaa na shinikizo liko juu, dripu hiyo inaweza kumzamisha mbele ya watu wake.

Mgonjwa wa namna hiyo akalishwe wima, miguu ikining'inia, apewe oksijeni na furosemaidi kwenye mshipa, kwa dozi kubwa kuliko ya mwenye figo nzima. Asiyetoa mkojo kabisa hatanufaika nayo, na asicheleweshwe kwa kusubiri matokeo yake. Katika gari asilazwe chali. Barua ya rufaa itaje uzito wa leo, uzito wa rejea, shinikizo, siku aliyosafishwa damu mara ya mwisho kama anasafishwa, saa aliyochomwa sindano, na mkojo alioutoa tangu hapo.